Pangani: Mji Mdogo Uliokataa Bendera

Barabara itokayo Tanga mjini kwenda kusini inaifuata bahari kwa zaidi ya kilomita 40. Inapita Machui, inapita Tongoni penye magofu, inapita Kigombe penye wavuvi na mashamba ya mkonge, kisha minazi inazidi kusongamana mpaka njia inakoma ukingoni mwa maji. Mbele ni mto mpana wenye rangi ya udongo. Ng'ambo ni kilima cha Bweni, na katikati kivuko kinakwenda na kurudi kikiwa kimepakia watu, bodaboda, magunia ya nazi na mbuzi. Hapo ndipo Pangani.

Ni mji mdogo. Mtu mwenye mwendo wa kawaida huumaliza asubuhi moja na bado akapata nafasi ya kukaa kibarazani kunywa kahawa. Wageni wengi hawafanyi hata hivyo. Wanapita wakielekea kwenye hoteli za ufukweni, wanauona mji kupitia dirisha la gari, wanaona kuta zilizobanduka chokaa na mabati yenye kutu, wanadhani hapana kitu. Mimi nasema katika Mrima wote, yaani pwani hii ya bara, ni shida kupata mji wa ukubwa huu uliobeba mambo mazito kiasi hiki. Pembe za ndovu kutoka Umasaini zilitokea hapa. Sukari ya jasho la watumwa ilichemshwa hapa. Miche ya kwanza ya mkonge katika Tanganyika ilipandwa ng'ambo ya mto huu. Na Agosti 1888 watu wa hapa waliikataa bendera ya kampuni ya Kijerumani, na kukataa kwao kukawasha vita iliyoenea pwani nzima.

Tuanze na mto, kwa sababu bila mto pasingekuwa na mji. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na kwenye miteremko ya Meru. Mito ya Ruvu na Kikuletwa hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto hushuka ukiiacha milima ya Upare na Usambara upande wake wa kushoto, hupita Korogwe, huporomoka penye mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani, kisha hutulia na kujipinda polepole kati ya minazi na mikoko hadi baharini. Ni safari ya takribani kilomita 500. Kwa msafiri wa zamani aliyetoka pwani, bonde hili lilikuwa njia iliyokamilika: maji ya kunywa hayakosekani, vijiji vya kununulia chakula vipo, na milima iko upande wa kulia kumwonyesha kwamba hajapotea. Mabaharia nao walipata mahali pa kupumzishia vyombo. Kasoro ilikuwa moja: mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga. Jahazi na mashua huweza kulivuka maji yakijaa, lakini meli kubwa hubaki nje. Msomaji aliweke akilini fungu hilo, maana baadaye ndilo lililouponza mji.

Kuhusu enzi za kale kabisa, wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia wa Bahari ya Hindi, Periplus, kilichoandikwa karne ya kwanza, kinaitaja bandari iitwayo Rhapta. Wapo waliosema ilikuwa hapa Pangani, wapo wanaoipeleka mpaka mdomo wa Rufiji. Ubishi huo haujakatwa. Kinachoonekana kwa macho ni mabaki ya makazi ya Waswahili wa kale: Muhembo, jirani na mji, na zaidi Tongoni, ambako mgeni anapaswa kusimama kabla hajafika Pangani. Pale pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 20 ya mawe, mengi yakiwa na nguzo, ya karne ya 14 na 15. Si rahisi kuona makaburi ya nguzo mengi namna ile mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Nguzo nyingi zimeanguka na kulala juu ya nyasi. Wareno waliijua sehemu hiyo kwa jina la Mtangata. Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wake wakiwa wamepukutika kwa maradhi, aliiteketeza meli yake moja, São Rafael, kwenye mafungu ya hapo, kwa kuwa hakuwa tena na watu wa kutosha kuiendesha.

Pangani yenyewe ilipata sura tunayoiona leo katika karne ya 19, Wabusaidi wa Oman walipohamishia nguvu zao Unguja na biashara ya bara ikapamba moto. Misafara iliondoka hapa ikifuata bonde hadi Upare, Kilimanjaro na nyika za Wamasai. Ilipanda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya, ikashuka na pembe za ndovu. Kazi hiyo ilitaka ujuzi. Shanga zisingepokelewa Umasaini zikiwa zimetungwa ovyo. Zilibidi zivunjwe na kutungwa upya kwa urefu na rangi waliyoizoea wanunuzi wa mwaka ule, na mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyopitwa na wakati alirudi na mizigo yake. Mwenye pembe mara nyingi alikuwa na deni kwa tajiri wa Kihindi aliyemkopesha bidhaa. Tajiri alikuwa na duka na ghala mjini, na nyumba za matajiri hao zingalipo. Mtaa wao, wenye vibaraza vya mbao juu na milango ya maduka chini, ndio mtaa mzuri kuliko yote kwa mtu anayependa kutembea akiangalia juu.

Wazungu wa kwanza walioandika habari za mji huu walikuja kwa sababu ya bonde hilo hilo. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alikwenda Usambara mwaka 1848 na tena 1852 kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Vuga. Februari 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita Pangani wakijizoeza kabla ya safari yao kubwa ya Ziwa Tanganyika, wakapanda mto, nao wakafika Vuga. Njiani walisimama Chogwe, kituo cha askari wa Kibaluchi wa Sultani, na hapo wakamchukua mtu mmoja ambaye kwa maoni yangu aliwazidi wote wawili kwa safari. Ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi akiwa huru na kuingia uaskari. Kuanzia Chogwe alikwenda na Burton na Speke hadi Tanganyika, akaenda na Speke kutafuta chanzo cha Nile, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima hadi Atlantiki pamoja na Cameron. Anayekwea mto huu kwa mashua leo anapita njia alimoanzia mtu huyo.

Pembe zilileta fedha, na fedha ikaenda kwenye miwa. Kuanzia miaka ya 1860 kingo za mto zilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu wenye asili ya Oman. Miwa ilikatwa, ikakamuliwa vinuni, maji yake yakachemshwa kwenye masufuria makubwa mpaka yakashika, na sukari hiyo ya rangi ya udongo ikasafirishwa Unguja na Uarabuni. Muwa haungoji. Ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi, na moto ukishawashwa hauzimwi. Hivyo msimu wa mavuno ulimaanisha kazi ya mchana na usiku, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa.

Pangani ilikuwa pia mahali pa kuwapitisha watumwa kwenda kwingine. Unguja na Pemba zilikuwa na njaa ya mikono kwa ajili ya karafuu, na Pemba iko ng'ambo tu ya mkondo wa bahari. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Biashara haikufa siku hiyo: wengi waliendelea kuvushwa kwa magendo usiku, na wengine wakabaki bara wakauzwa kwenye mashamba ya miwa. Lakini watu hawa hawakukaa kimya. Miaka ya 1870 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi na kutoroka, wakajenga makazi yao porini wakiyazungushia maboma ya miti, na mabwana walipowafuata walikuta watoro wenye silaha walio tayari kupigana. Historia ya mji huu isimuliwe pamoja na hao. Ukionyeshwa jengo la Boma, ambalo Mwarabu mmoja alilianza mwanzoni mwa karne ya 19 na Wajerumani wakaligeuza ofisi yao, mwenyeji atakusimulia kwamba watumwa walifukiwa wazima chini ya nguzo ili jengo lisimame imara. Ni masimulizi ya wenyeji, na kwangu mimi uzito wake ni huu: wajukuu wa mji wamekataa kuisahau kazi ile kwa kuangalia tu uzuri wa milango ya nakshi.

Kwa hiyo katika miaka ya 1880 mji ulikuwa umejaa mivutano. Walikuwapo majumbe wa Kishirazi, waliojiona ndio wenye mji. Heshima yao ilijengwa kwa karamu, ngoma na kugawa nguo siku za sherehe. Alikuwapo liwali wa Sultani na askari wake. Walikuwapo mabwana wa miwa na matajiri wa Kihindi. Chini yao, au wakipanda polepole, walikuwapo wapagazi walioanza kufanya biashara kwa mitaji yao wenyewe, watumwa waliojitafutia nafasi, na Wabondei na Wazigua kutoka vijiji vya bara waliokuja kuuza na kununua. Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyeuchunguza mji huu kuliko mtu yeyote ninayemjua, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba watu hao waligombania nafasi ndani ya mji: nani ale karamu ipi, nani aheshimiwe, nani aitwe muungwana. Mjerumani alipofika alikanyaga moto ambao hakuujua.

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa haki ya kukusanya ushuru na kutawala kwa jina la Sultani, na Agosti ilituma maofisa wake kwenye kila bandari. Aliyepangiwa Pangani alikuwa Emil von Zelewski, kijana wa jeshi mwenye mkono mzito, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe kando ya ile ya Sultani. Liwali, Abdulgawi bin Abdallah, akakataa: hakuwa na amri ya Sultani ya kufanya hivyo. Zelewski akaita manowari.

Askari wa majini waliteremka siku za Idi ya Kuchinja, mji ukiwa katika ibada. Walimtafuta liwali wakamkosa. Katika kumtafuta waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa wakiwa pamoja nao. Waliikata nguzo ya bendera ya Sultani na kuwafungulia wafungwa. Fikiria hayo yote katika mji mdogo ambao kila mtu anamfahamu mwenzake, siku ambayo kila mtu amevaa kanzu yake bora. Habari za mbwa msikitini zilienda mbio kuliko manowari. Baada ya siku chache askari waliondoka, wakiamini shughuli imekwisha. Mwanzoni mwa Septemba mji ukawageukia wanaume wa kampuni, ukawazuia ndani ya nyumba yao. Sultani alimtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, pamoja na askari. Mathews alifanikiwa kuwatoa Wajerumani wakiwa hai na kuwapeleka Unguja, lakini alipotaka kurudisha utulivu alikuta mitaa imejaa Wabondei na Wazigua wenye bunduki, ambao hawakumtaka yeye wala bwana wake. Naye akaondoka.

Kosa moja linarudiwa sana: kwamba vita ile ilikuwa ya Abushiri tangu mwanzo. Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa mwenye mashamba ya miwa Pangani, mtu wa ukoo wa Waharthi uliokuwa na ugomvi wa zamani na nyumba ya Sultani. Alikuwa hodari wa vita na hodari wa maneno, na ndiye aliyeushika uongozi. Lakini hasira ilianza kwa watu wa mitaani, majumbe wadogo, wapagazi, vijana wa vijijini, na yeye akaikuta imeshawaka. Wengi wa wafuasi wake hawakuwa na sababu ya kuwapenda wenye mashamba kama yeye. Ndiyo maana muungano wao uliyumba mara tu vita ilipokuwa ngumu.

Mwaka huo huo wavumbuzi Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wameondoka hapa kwenda bara, walikamatwa wakirudi, wakafungwa minyororo, na Abushiri akawaachia baada ya kulipwa fidia kubwa ya rupia. Meyer alirejea mwaka uliofuata kwa njia nyingine, na Oktoba 1889 akasimama kwenye kilele cha Kilimanjaro.

Kufikia mwisho wa Septemba 1888 kampuni ilikuwa imefukuzwa karibu pwani yote. Ilibaki imejibanza Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Serikali ya Ujerumani ikaingia yenyewe. Hermann von Wissmann alikuja na askari Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Mei 1889 aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na Julai manowari zake zikaishambulia Pangani na kuitwaa. Abushiri akakimbilia bara, akakishambulia kituo cha Mpwapwa, akakusanya jeshi jipya na kulipoteza, mwishowe akakamatwa kwa kusalitiwa. Alirudishwa Pangani, mji wa mashamba yake, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alipigana hadi Aprili 1890 ndipo akaweka silaha chini. Mwaka huo Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4, na pwani ikawa yake moja kwa moja. Zelewski naye hakuishi sana: Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walimmaliza pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake kule Lugalo. Anayetaka kuisikia vita hii kwa sauti ya Mswahili wa wakati ule asome Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy.

Sasa tuvuke mto. Upande wa kusini, mahali paitwapo Kikogwe, kampuni ile ile ilikuwa na shamba. Mtaalamu wake wa kilimo, Richard Hindorf, alitafuta zao la kustahimili ukame, akaagiza miche 1,000 ya mkonge, mmea wenye asili ya Yucatán huko Meksiko. Miche ilipitia Florida na Hamburg. Ilipofika mwaka 1893 iliyokuwa hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote yaliyofuata. Katika miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 zao hilo lilivuka tani 200,000. Wazee wa Tanga wanaikumbuka korona, mashine ya kuchakata mkonge, ikinguruma, singa nyeupe zikianikwa kwenye kamba ndefu, na manamba walioletwa kutoka mbali hata wakasahau njia ya kwao. Mkwaja, kusini zaidi, kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi katika miaka ya 1950 ili wafanyakazi wapate nyama. Ndorobo na maradhi ya mifugo viliishinda, ikafungwa mwaka 2000, na leo ardhi yake ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Mgeni anayetazama tembo karibu na bahari kule Mkwaja anatazama palipokuwa zizi la ng'ombe wa manamba.

Mji, hata hivyo, haukunufaika na mkonge kama ulivyostahili, na hapa ndipo fungu la mchanga linaporudi. Meli za mvuke zilitaka kina. Ghuba ya Tanga ilikuwa na kina, na mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka huko. Reli ilipita Muheza, Korogwe na Mombo, ikafika Moshi mwaka 1911, na kwa sehemu kubwa ilifuata bonde lile lile la mto ambalo misafara ya Pangani ililipita kwa miguu. Kila stesheni iliyofunguliwa iliikata Pangani kutoka kwenye riziki yake. Julai 1916 Waingereza walipoitwaa, waliukuta mji uliokwisha kuachwa nyuma. Tangu hapo ukaishi kwa nazi, samaki na ofisi za serikali.

Katika utulivu huo ndipo alipokuja kijana mmoja kufanya kazi ya ukarani wa forodha. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kwenye barabara hii hii ya Tanga, na alipoingia Idara ya Forodha mwaka 1926 kituo chake kilikuwa Pangani. Ninapenda kumfikiria mezani na vitabu vya ushuru, akiandika idadi ya magunia ya nazi kavu, huku nje manahodha wakibishana kwa Kiswahili cha Mrima. Kaburi lake liko Machui. Anayekwenda Pangani kwa barabara analipita, na sioni udhuru wa msomaji wa Kiswahili kulipita bila kusimama.

Ukiwa mjini, nenda kwa miguu. Lione Boma na milango yake. Pita mtaa wa maduka ya Wahindi, kisha shuka mtoni uangalie majengo ya zamani ya biashara yanayoutazama mto. Sogea karibu na ukuta uliobomoka: ndani utaona vipande vya matumbawe vilivyoshikana kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zilizobeba dari. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na ndiyo sababu nyumba za pwani zina vyumba vyembamba na virefu. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa siku kadhaa juu ya rundo kubwa la kuni. Ukuta kama huo huishi miaka mingi ukipakwa chokaa mara kwa mara na paa likiwa zima. Paa likivuja misimu michache tu, mvua huufumua kutoka juu. Baadhi ya nyumba za Pangani zimefikia hatua hiyo, na mafundi wanaoweza kuzitengeneza kwa chokaa, siyo kwa saruji inayozibana zikapasuka, ni wachache.

Jioni vuka kwenda Bweni ukapande kilima. Kutoka juu unaona mji mzima, mdomo wa mto, na mstari wa mawimbi meupe yanayovunjika kwenye fungu la mchanga. Siku nyingine kodi mashua upande mto kati ya mikoko. Utaona ndege wengi, na utaona minazi iliyokauka vichwa. Maji yanayofika chini siku hizi ni machache kuliko zamani, kwa sababu ya mabwawa na umwagiliaji wa juu, na bahari inapata nafasi ya kusukuma chumvi ndani ya mto. Wakulima wa kingoni wanaijua chumvi hiyo kwa minazi yao na kwa visima vyao.

Baharini kuna Maziwe. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wengi sana walipanda kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, lakini miti iliendelea kwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na kitu cha kushika mchanga. Leo ni fungu jeupe linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kasa bado wanakuja, maana hurudi walikozoea kutaga, na mayai wanayoyafukia yangeoza kwa maji ya bahari. Kwa hiyo watu wa Ushongo, kijiji cha ufukweni kusini mwa Pangani, huyahamisha kwa mikono hadi ufukweni kwao, wakayafukia kwa kina kile kile na kuyalinda kwa karibu miezi miwili. Siku ya kuanguliwa mchanga hutikisika kwanza, kisha kichwa kimoja hutokeza, halafu vingi kwa pamoja, na wadogo hao hukimbilia maji huku watoto wa kijiji wakiwafukuza kaa. Matumbawe yanayoizunguka Maziwe ni mahali pazuri pa kuogelea na miwani. Kaskazini ya mto huanza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 baada ya wavuvi kunasa mara kwa mara silikanti, samaki ambaye sayansi iliwahi kumhesabu miongoni mwa waliotoweka duniani.

Serikali imeanza kujenga daraja la mita 525 juu ya mto, kwenye barabara ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Watu wa Bweni wamengoja jambo hili muda mrefu. Mama mjamzito anayehitaji hospitali usiku hawezi kungoja kivuko, na sitaungana na wageni wanaosikitika kwamba uzuri wa kuvuka kwa chombo utapotea. Wasiwasi wangu ni juu ya mji wenyewe. Barabara nzuri inaweza kuleta watu, na inaweza pia kuwapitisha bila kusimama, kama ilivyofanya reli. Halmashauri na wenye nyumba za zamani wana muda mfupi wa kukubaliana ni zipi zitengenezwe kwanza na nani alipe. Kibao kimoja kinachoeleza yaliyotokea hapa Agosti 1888, kwa Kiswahili safi, hakingegharimu fedha nyingi.

Kwa msomaji anayetaka kwenda: mabasi yanatoka Tanga kila siku. Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa Maziwe, uliza kwanza saa za maji, uondoke mapema ili ufike yakiwa yamepwa, na usikanyage matumbawe. Mjini vaa kwa heshima, maana ni mji wa Waislamu wenye desturi zao, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Ukiletewa mayai ya kasa, kataa. Na usitembee peke yako: mlipe mwenyeji akutembeze, kwa sababu majengo mengi hayana maandishi yoyote ukutani, na habari zake ziko vinywani mwa watu wa Pangani.